Bila mbwembwe, Naseem Hamed angekuwa nani?

Juni 2015, katika mji mdogo wa Canastota, jimbo la New York, Naseem Hamed aliingizwa katika Ukumbi wa Kimataifa wa Mashujaa wa Ngumi, mwaka mmoja na Riddick Bowe na Ray Mancini. Ilikuwa imepita miaka 13 tangu apande ulingoni mara ya mwisho. Kanuni za wakati ule zilimtaka bondia aliyestaafu asubiri miaka mitano tu kabla ya jina lake kupigiwa kura, na mtu aliyeshinda mapambano 36 kati ya 37, tena 31 kwa KO, kwa kawaida haachwi nje ya mlango. Naseem aliachwa nje. Wapiga kura, kama mashabiki wengine, walikuwa hawajakubaliana iwapo kijana yule wa Sheffield alikuwa bondia mkubwa au mwigizaji mwenye ngumi nzito.

Ubishi huo bado ni mbichi. Kambi moja inakupeleka Las Vegas, usiku wa Aprili 7, 2001, Marco Antonio Barrera alipomtia adabu kwa raundi 12, na kusema hapo ndipo uongo ulipojitenga. Kambi nyingine inakuwekea video za 1995 hadi 1997 na kukuuliza umemwona wapi mtu mwingine wa kilo 57 akilaza watu kwa ngumi iliyotoka kiunoni, huku miguu yake yote miwili iko hewani. Kambi zote mbili zinakosea mahali pamoja. Zinaichukua mbwembwe kama pambo ambalo ukilibandua utamwona bondia halisi. Mimi naona halibanduki. Kuteremsha mikono, kutoa kidevu kipigwe, kukata mauno katikati ya raundi, kumcheka mtu usoni: hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kupigana. Ukitaka kujua alikuwa mzuri kiasi gani, tazama namna hiyo ilifanya kazi kwa nani na ilikwama kwa nani.

Alizaliwa Februari 12, 1974, mtoto wa wazazi kutoka Yemen. Sheffield ulikuwa mji wa chuma, na Wayemeni wengi walifika huko baada ya Vita Kuu ya Pili kufanya kazi za tanuri ambazo wenyeji walizikimbia. Baba yake alikuwa na duka katika mtaa wa Wincobank. Msomaji wa pwani yetu hahitaji kuelezwa sana hapo; duka la Mwarabu kwenye kona, linalofunguliwa alfajiri na kufungwa watu wameshalala, analijua tangu utotoni. Jirani na duka hilo, katika ukumbi wa kanisa la Mtakatifu Thomas, Mwailandi mmoja mzaliwa wa Dublin aitwaye Brendan Ingle alikuwa na klabu ya ngumi. Ingle alipenda kusimulia kwamba alimwona Naseem mara ya kwanza kupitia dirisha la basi, kitoto kidogo kikipambana na wenzake watatu nje ya shule na hakuna aliyeweza kumgusa. Kama ndivyo ilivyokuwa au Ingle aliinogesha, si muhimu. Muhimu ni kwamba mtoto aliingia klabu hiyo akiwa na miaka saba.

Klabu yenyewe inastahili maelezo, kwa sababu wengi wanadhani Naseem alijizulia tu ule mtindo. Sakafu ya Ingle ilikuwa imechorwa mistari. Watoto walipita juu ya mistari hiyo kwenda na kurudi, mara mguu wa kushoto mbele, mara wa kulia, saa nzima, mpaka wasijue tena wao ni wa mkono gani. Mazoezini watoto walipambanishwa na mabondia wa kulipwa, lakini kwa sharti kwamba ngumi zipigwe mwilini tu, kichwani marufuku. Mtoto wa miaka kumi alijifunza kusimama mbele ya mtu mzima bila woga na kumkwepa kwa kiuno na miguu, mikono ikiwa chini. Mwanafunzi maarufu wa kwanza wa shule hiyo alikuwa Herol Graham. Ingle alimpeleka kwenye vilabu vya pombe, akamfunga mikono nyuma na kuwakaribisha wanywaji wajaribu kumpiga. Hawakumpata.

Graham anatusaidia kumpima Naseem. Novemba 1990 alipigania ubingwa wa dunia dhidi ya Julian Jackson, akamtawala kabisa hadi jicho moja la Jackson likawa limefumba. Raundi ya nne, ngumi moja ya Jackson ikamzimisha Graham kabla hajafika chini. Hakuwahi kuwa bingwa wa dunia. Alikuwa na ulinzi wote wa Ingle lakini hakuwa na ngumi ya kumtia mtu hofu, kwa hiyo mpinzani aliweza kuvumilia, akasubiri, akajaribu bahati yake. Naseem alikuwa na vyote viwili. Ndiyo maana mtindo uleule ambao kwa Graham ulikuwa wa kukwepa, kwa Naseem uligeuka mtego.

Mtego ulifanya kazi hivi. Bondia aliyefundishwa kawaida anapomwona mtu amesimama mbele yake mikono ikining'inia, kidevu wazi, na juu ya hayo anamtolea ulimi, anatupa ngumi kubwa kuliko aliyokusudia. Anasogea hatua moja zaidi. Uzito wake unahamia mguu wa mbele. Naseem alivuta kichwa nyuma kwa inchi moja au mbili, ngumi ikapita, na wakati huohuo mkono wake ukatoka chini kabisa, mahali ambapo macho ya mpinzani hayaangalii. Ngumi isiyoonekana ndiyo inayoangusha. Vitabu vya ukocha vinasema bondia apande miguu yake sakafuni kwanza ndipo apige. Yeye aliruka nayo, akiwa na urefu wa kama mita 1.64 tu, lakini miguu minene na kiuno kinachozunguka vilimpa nguvu ambayo kwa kanuni haikupaswa kuwapo.

Mei 1994, akiwa na miaka 20, alipewa bingwa wa Ulaya wa uzito wa bantam, Vincenzo Belcastro, Mtaliano mzoefu ambaye wengi walidhani atamfunza dogo adabu. Naseem alishinda kila kona ya ulingo, kisha katika raundi ya mwisho akaanza kumdhihaki waziwazi. Waandishi wengi wa Uingereza walichukia. Nami sipendi kumtazama bondia mkongwe akifanyiwa vile. Ila tazama pia kwamba Belcastro hakuanguka kwa KO: alikuwa mtulivu, alijua pambano limekwisha potea, na hakuingia mtegoni.

Steve Robinson aliingia. Huyu alikuwa na hadithi nzuri kuliko ya Naseem. Alikuwa mfanyakazi wa ghala mjini Cardiff, mwenye vipigo tisa kwenye rekodi yake, aliyepigiwa simu mwaka 1993 siku mbili tu kabla ya pambano kuziba nafasi ya ubingwa wa WBO wa uzito wa unyoya. Akashinda, kisha akautetea mara saba. Septemba 30, 1995, Cardiff Arms Park, uwanja wa wazi, umati wa Wales ulimzomea Naseem tangu alipotokea. Alipiga sarakasi yake juu ya kamba, akatua kwa miguu, akaanza kazi. Robinson alijifungia nyuma ya glovu zake, Naseem akawa anampiga na kumwambia maneno, mpaka heshima ya yule mtu mbele ya watu wake ikamshinda. Alifungua mikono ili apige. Raundi ya nane mwamuzi akasimamisha pambano. Mgeni alikuwa bingwa wa dunia akiwa na miaka 21.

Utetezi wa kwanza, dhidi ya Said Lawal mjini Glasgow, ulichukua sekunde 35. Wa pili ulikuwa na somo: Daniel Alicea alimwangusha Naseem katika raundi ya kwanza. Aliinuka akitabasamu na kummaliza katika ya pili. Watu walisimulia lile tabasamu. Wachache walisimulia ile ngumi iliyompata, nyepesi na iliyonyooka, iliyomkuta kidevu kikiwa juu na miguu imesimama sambamba. Agosti mwaka huohuo wa 1996 mjini Dublin, Manuel Medina, Mmeksiko mrefu aliyekwisha kuwa bingwa na aliyeona mengi, alifanya jambo rahisi tu. Alikataa kukasirika. Alirusha ngumi nyingi nyepesi, akahama, akarusha tena. Naseem, aliyekuwa na mafua usiku ule, alimwangusha mara kadhaa lakini alihitaji raundi 11 na akaonekana wa kawaida kwa muda mrefu. Miaka mitano kabla ya Barrera, jibu lilikuwa limeshaandikwa ubaoni.

Hata hivyo pambano ninalolitumia kumtetea ni la Februari 8, 1997, London Arena, dhidi ya Tom Johnson. Mmarekani huyu alikuwa bingwa wa IBF tangu 1993 na alikuwa ameutetea mkanda wake mara 11. Alijua kazi. Katika raundi za mwanzo alimpata Naseem kwa ngumi za kulia zilizomtikisa kweli, na kwa mara ya kwanza tukaona kitu ambacho mbwembwe zilikuwa zikikificha: moyo. Naseem hakubadilika, hakujificha. Aliendelea kutega, akachukua ngumi mbili ili atoe moja, na raundi ya nane ngumi moja ya kutoka chini ikampeleka Johnson sakafuni na kumaliza mambo. Wanaosema Johnson alikuwa na miaka 32 wana haki. Ila bingwa wa miaka 32 anayeutetea mkanda wake mwaka kwa mwaka si mzee wa kuokotwa.

Halafu ikaja Amerika. Televisheni ya HBO ilimpa mkataba wa dola milioni 12 kwa mapambano sita, fedha ambazo watu wa uzito mdogo hawakuzoea hata kuziota, na Desemba 19, 1997 akapelekwa Madison Square Garden kumkabili Kevin Kelley, mtoto wa New York aliyewahi kuwa bingwa wa WBC na mwenye mdomo mrefu kama wake. Kelley aliingia ulingoni, akasubiri. Naseem alikuwa nyuma ya pazia, kivuli chake kikicheza dansi kwa dakika nyingi, bukta ya madoa ya chui, muziki ukirudi mwanzo, na Kelley misuli ikimpoa. Kilichofuata ni moja ya fujo tamu zaidi za muongo ule: raundi nne, kila mmoja ameanguka mara tatu, na wa mwisho kuinuka akiwa Naseem. Televisheni ilishangilia. Makocha walichukua kalamu. Wangeandika nini zaidi ya kwamba bingwa huyu alikuwa amepigwa hadi chini katika raundi tatu kati ya nne, na Kelley wala hakuwa mpigaji wa kutisha?

Kushuka kwake, kwa maoni yangu, kulianzia hapo. Ila hakukuonekana, kwa sababu Aprili 1998 alimsimamisha Wilfredo Vazquez, mtu aliyewahi kutwaa ubingwa katika uzito tatu na aliyekuwa bingwa wa WBA mpaka muda mfupi kabla, lakini mwenye miaka 37. Kufikia hapo mazoezi yalikuwa yamepungua na ugomvi wa fedha na Ingle umekuwa mkubwa. Ingle alichukua robo ya mapato, mapatano ya tangu zamani, wakati mapato yalikuwa madogo. Kikatoka pia kitabu cha Nick Pitt juu ya wawili hao, na Ingle ndani yake hakumsifu sana mwanafunzi wake. Baada ya pambano la Oktoba 31, 1998, ambalo Naseem aliingia kupitia makaburi ya bandia kwa heshima ya sikukuu ya Wamarekani kisha akashindwa kumwangusha Wayne McCullough kwa raundi 12, mwalimu na mwanafunzi waliachana. Mtoto aliyeingia pale na miaka saba aliondoka na miaka 24.

Watu hulitaja tukio hili kama kisa cha kusikitisha. Mimi nalitaja kama jambo la ufundi. Mtindo wa mikono chini unaishi kwa miguu na macho. Unahitaji ile mistari ya sakafuni kila siku, kwa sababu inchi mbili za kuvuta kichwa zikigeuka inchi moja, unapigwa. Walimu waliofuata, Oscar Suarez na baadaye Emanuel Steward, walikuwa mahodari. Steward aliongoza mabingwa wengi kuliko Ingle. Lakini Steward alikuwa mwalimu wa jebu na mkono mrefu, na alimpata mtu ambaye sasa alitafuta ngumi moja tu ya kumaliza usiku. Aprili 1999, Paul Ingle wa Scarborough, asiye na undugu wowote na Brendan, alimsumbua hadi raundi ya 11. Dhidi ya Cesar Soto huko Detroit alishinda mkanda wa WBC katika pambano baya lililojaa kukumbatiana, mpaka akamnyanyua Soto na kumbwaga kama mieleka. Machi 2000 aliingia ukumbi wa Olympia, London, juu ya zulia linaloning'inia hewani, akamlaza Vuyani Bungu wa Afrika Kusini katika raundi ya nne. Bungu alikuwa bingwa mkubwa wa uzito wa chini yake, na KO ile ilikuwa safi kweli. Agosti akamlaza Augie Sanchez kwa kishindo, akavunjika mkono. Mikono yake ilikuwa imemsumbua kwa muda mrefu. Ngumi zile zilikuwa nzito kuliko mifupa iliyozibeba.

Barrera alizaliwa Januari 17, 1974, wiki chache kabla ya Naseem, na alikuwa bondia wa kulipwa tangu akiwa na miaka 15. Alikuwa amepigwa mara mbili na Junior Jones, na mwaka mmoja nyuma alipoteza kwa Erik Morales uamuzi ambao wengi waliupinga. Sifa yake ilikuwa vita, kuingia na kubadilishana. Walioweka fedha zao kwa Naseem, nao walikuwa wengi, walitegemea hilo: mtu wa vita ataingia mtegoni mwenyewe.

Hakuingia. Naseem alishushwa kutoka juu ya ukumbi wa MGM Grand kwa bembea, Barrera akasubiri bila kumtazama. Kengele ikalia, na katika raundi ya kwanza ileile, ngumi ya kushoto ya pembeni ikamkuta Naseem akiingia na kumyumbisha. Baada ya hapo Barrera alifanya alichofanya Medina, ila kwa ngumi nzito zaidi na ubongo mkubwa zaidi. Alikaa mbali na mkono wa kushoto wa Naseem. Naseem aliposhusha mikono, Barrera alisimama. Naseem alipotoa kidevu, alipigwa jebu kwenye hicho kidevu, kisha Barrera akaondoka. Raundi baada ya raundi unamwona Naseem akitafuta cha kufanya na kutokipata, kwa sababu mbinu yake yote ilikuwa ni kumjibu mtu anayeshambulia, na mbele yake hakukuwa na anayeshambulia. Raundi ya 12 Barrera alimsukuma kichwa kwenye mto wa kona na mwamuzi Joe Cortez akamkata pointi. Haikusaidia kitu. Majaji walitoa 116-111, 115-112 na 115-112.

Ndiyo maana siikubali kambi ya kwanza inaposema usiku ule ulifichua kwamba hakukuwa na bondia. Ulifichua kwamba alikuwapo bondia mwenye jibu moja, jibu kali kupita kiasi, na ambaye hakuwa tena na miguu ya kulibeba jibu hilo. Hesabu waliopigwa na jibu hilo: Robinson, Medina, Johnson, Kelley, Vazquez, McCullough, Paul Ingle, Soto, Bungu. Watu tisa, na kila mmoja wao kwa wakati wake alivaa mkanda wa dunia wa mojawapo ya mashirika makubwa. Aliutetea ubingwa wa WBO mara 15. Mwigizaji hafanyi hayo.

Kambi ya pili nayo inanishinda nikiuliza juu ya wale asiokutana nao. Juan Manuel Marquez alikaa muda mrefu kama mpinzani wa lazima wa WBO, akisubiri, na pambano halikuja. Mwaka 2000 Naseem aliuachia mkanda badala ya kupigana na Mhangaria Istvan Kovacs, mpinzani wa lazima aliyefuata. Morales hakukutana naye. Marudiano na Barrera hayakufanyika. Wale Wameksiko watatu waliendelea kupigana wao kwa wao na baadaye na Manny Pacquiao, na humo ndimo ukubwa wa uzito ule ulimopimwa kwa miaka kumi iliyofuata. Naseem alipanda tena mara moja tu, Mei 2002 London, akamshinda Mhispania Manuel Calvo kwa pointi huku watu wake wakimzomea, akaacha na miaka 28. Kesi ya ajali ya gari ya 2005, iliyompeleka jela mwaka uliofuata na kumfutia nishani ya MBE, ni aibu yake, lakini haiongezi wala haipunguzi chochote katika hesabu ya ulingoni.

Lipo jambo lingine alilolifanya ambalo rekodi hailioneshi. Kabla yake, wa uzito mdogo mara nyingi walipigana mapema usiku watu wakiwa bado wanatafuta viti. Yeye alijaza kumbi akiwa na kilo 57. Kwa vijana Waislamu wa miji ya Uingereza, kumwona mtoto wa Mwarabu muuza duka akisoma dua ulingoni kisha akitwanga watu mbele ya nchi nzima lilikuwa jambo jipya, na bondia Amir Khan, aliyekuja baada yake, alikuta njia imeshafyekwa.

Kwa hiyo namweka wapi? Juu ya Johnson, Robinson, Kelley na Medina bila kusita. Chini ya Barrera, Morales na Marquez, pia bila kusita. Kinachobaki ni swali ambalo wapenzi wa ngumi hulizusha kila mara: Naseem wa usiku wa Johnson, mwenye Ingle kwenye kona yake na miguu ya miaka 22, dhidi ya Barrera yuleyule wa Las Vegas? Mimi naamini Barrera angeshinda, kwa sababu mbinu ya Medina ingemfaa 1997 kama ilivyomfaa 2001. Ila angeshinda kwa pointi chache, na lazima angekwenda chini angalau mara moja.